Kamba wa Mto Kwenye Hotpoti ya Madiwani

Kuna watu Tarime mjini mpaka leo wakiniona wanafunika sahani zao, na siwezi kuwalaumu. Nilijiaibisha mchana kweupe mbele ya madiwani, na mbaya zaidi mbele ya baba mkwe wangu, na kinachoniuma ni kwamba siku hiyo nilikuwa nimekwenda kutii sheria.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha mabwawa ya samaki, huku bondeni. Mwaka juzi mtoni walitokea kamba wa mto, hawa wekundu wenye magando mawili mbele kama mikasi, wageni kabisa, hata wazee hawana jina lao kwa Kikurya, na kazi yao ni kutoboa kingo za mabwawa na kula vifaranga vya samaki. Wenzangu walitaka tuwatege tu, nani atajua, lakini mimi (nilimaliza kidato cha nne na sijawahi kuwaachia wasahau) nikasimama nikasema hapana, kutega mtoni bila kibali ni kosa, hata kama unatega adui. Nikampigia Bwana Samaki, ndivyo tunavyomwita afisa uvuvi, akasema, "Sawa, Mama Bhoke, lete barua na kielelezo."

Alimaanisha picha. Mimi nilielewa kamba.

Na hapo bado ningeweza kumpelekea aliyekufa, ila kamba akifa anajikunja mpaka unamwonea huruma, na mimi nilitaka ofisi iogope. Basi asubuhi nikatega watano wazima (ndiyo, bila kibali, ili nikaombe kibali, msinicheke bado), nikawatia pamoja na majani mabichi kwenye hotpoti yangu ya ugali, kwa kuwa ndicho chombo pekee nilichonacho chenye kifuniko cha kubana, nikapanda bodaboda mpaka mjini.

Ofisini nikaambiwa Bwana Samaki yuko ukumbini, kuna kikao cha madiwani. Dada wa mapokezi akaiona hotpoti, akauliza, "Hii ni ya nani, mama?" Nami, kwa kuwa barabara ilikuwa imenitikisa na nilikuwa natafuta choo, nikajibu kwa mkato, "Ya Bwana Samaki." Narudi, hotpoti haipo.

"Nimeshaipeleka ukumbini," akasema kwa furaha. "Ndiyo wanaanza kula."

Nilikimbia. Nikafika mlangoni nikaona meza ndefu, mahotpoti yamepangwa, na ya kwangu iko mbele ya diwani wa kata yetu. Sasa diwani wa kata yetu ni Mzee Chacha, na Mzee Chacha ndiye aliyemzaa mume wangu, na kwetu sisi Wakurya mke hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi, anamwamkia kwa mbali ameinamisha kichwa. Kwa hiyo nilipomwona anafungua kile kifuniko, badala ya kupiga kelele nilifanya kile nilichozoea tangu niolewe: nikapiga magoti palepale mlangoni nikasema, "Shikamoo, tata," yaani baba.

"Marahaba," akajibu akinigeukia kidogo, akaingiza mkono kumega ugali.

Mzee aliinuka mkono ukiwa juu, kamba ananing'inia kwenye kidole cha kati, viti vikaanguka, diwani mmoja mnene akapanda juu ya meza, wale wanne waliobaki wakatoka wakaanza matembezi kati ya sahani, na Bwana Samaki akaniona akapaza sauti, "Mama Bhoke! Wewe ndiye unawajua, njoo umtoe!"

"Siwezi!"

"Huwezi vipi?"

"Ni mkwe wangu!"

Ukumbi mzima ukaelewa, hakuna aliyenilazimisha, ila pia hakuna aliyesogea. Dawa naijua, kamba akirudishwa majini anaachia mwenyewe. Nikafumba macho nikatoa sauti ambayo mzee hakuwahi kuisikia kwangu: "Tata, ingiza kidole kwenye maji!"

Maji yalikuwa mbali. Karibu kulikuwa na supu.

Kamba aliachia, hapo nilikuwa sahihi. Maneno ya Kikurya yaliyofuata sitawatafsiria.

Tulipowakamata wote (wa tano alikuwa ndani ya begi la karani), Bwana Samaki akanikalisha pembeni na karatasi.

"Nani aliwatega?"

"Mimi."

"Kwa kibali gani?"

"Ndicho nilichokuja kuomba."

Akashusha kalamu. "Na kuwasafirisha wakiwa hai ni kosa kubwa kuliko kuwatega. Akitoroka mmoja akaingia mto mwingine, na huko nako watu wataanza kulia kama nyinyi."

Sikulijua hilo, mimi mwanasheria wa kijiji. Nikalia machozi ya kweli, nikiwaza jinsi kikundi kizima kitakavyonyimwa kibali kwa ajili ya ujuaji wangu.

Aliyeniokoa ni Mzee Chacha, kidole kimefungwa kitambaa. Alisimama mita mbili kutoka kwangu akaongea na Bwana Samaki huku ameutazama ukuta.

"Mwambie huyo mama," alisema, "mwaka mzima nilidhani habari za hawa wadudu ni porojo za kutafuta mradi. Sasa nimeamini. Mpe onyo, na kibali mwandikie."

Mume wangu alipeleka mbuzi kwa baba yake kuomba radhi kwa zile kelele zangu, na kibali kikatoka. Mitego iwe na alama, samaki wengine warudishwe mtoni, kamba wauawe palepale ukingoni. Chini yake kuna majina ya wanaoruhusiwa kutega, wanakikundi wote, hata wale waliotaka kutega kwa siri. Jina langu liko peke yake mwishoni, na mbele yake pameandikwa: "Katibu. Kuandika tu."

Basi wenzangu wakiingia mtoni mimi nabaki ukingoni na kalamu, naandika. Na nimeapa, ofisi ikinitaka kielelezo tena nitauliza mara tatu wanamaanisha nini, na kwa vyovyote sitaingia tena kwa mtu nimebeba kitu chenye miguu.