Mvua ya Kaseti

Mucheke tu, hata miye nikikumbuka ile siku nafunika uso na kitenge, na niko peke yangu ku nyumba. Ila mukicheka mujue kitu kimoja: siye tuliobeba ile haya tulikuwa wengi, miye ndiye tu mwenye mudomo.

Munajua kazi yangu ni kushona, hapa Kamembe, upande wa Rwanda, masini yangu iko ku baraza. Ile mwaka Maman Odile, bibi ya ule mwenye malori, alikuwa anaolesha binti yake, na robe ya bibi-arusi pamoja na za basichana bote ba kumusindikiza zilikuwa zinatafuta fundi. Niliitaka ile kazi mpaka nilikuwa naota satini. Sasa Maman Odile alikuwa muntu wa kuchagua, alitaka fundi wa "kule Bukavu, mwenye alishonea bantu ba maana", basi nikamwambia (Mungu anisamehe) kwamba kule ng'ambo tulikuwa na villa, balkoni inaangalia ziwa, na wateja wangu bote balikuwa bibi ba bakubwa.

Na sikuwa peke yangu. Ukitusikiliza siye bamama tuliovuka Rusizi wakati wa vita, utasema Bukavu yote ilikuwa villa tupu, hakuna hata mumoja aliyelala kambini. Nani basi alikuwa anajaza ile kambi? Sijui, labda mbuzi.

Miye na Neema, binti yangu, tulilala mule miezi mingi, chini ya shitingi, ile plastiki ya bluu ya bakimbizi. Pale ndipo mutoto alijifunza kuhesabu.

Basi akakuja muzungu mumoja, maman wa miwani, akafanya ekspozisyo, ni kusema maonyesho, ku salle, ule ukumbi wa hapa mujini. Haikuwa picha za ku ukuta, hapana, ya kwake unaingia ndani kabisa, eti usikie ku mwili wako namna mukimbizi anaishi. Bakaalika bantu ba heshima, na Maman Odile akaniambia, "Kuya, fundi, tutaonana kule tuongelee ile mambo ya robe."

Neema ningemuacha kwa jirani. Lakini nilikuwa nimemushonea karobe ka satini, mikono ya kufura, na nikasema nimupeleke Maman Odile aone kazi yangu inatembea na miguu yake. Akili yangu yote ya mwaka mzima niliimalizia pale.

Tunaingia, nakuta shitingi kubwa imefungwa ku miti, chini mafiga, sufuria, bido, yale madumu ya mayi, na matela moja, ni kusema godoro, ku sakafu ya sima. Bamama ba Kamembe, viatu virefu, manukato, banatikisa vichwa. "Masikini! Ile bantu balikuwa banaishi namna gani?"

"Miye bile nilibionaka tu ku televizyo," Maman Odile akasema.

"Hata miye, Maman," nikajibu.

Neema akaniangalia, mudomo wazi. Nikamutia biskuti.

Wakazima taa, ikabaki moja ndogo tu. Kaseti ikaanza kulia mvua, na radi, na juu kulikuwa kijana mumoja ku ngazi anamwaga mayi ya kweli juu ya shitingi ili itutonyee kidogo tusikie baridi. Bazungu banafuta machozi. Na ile mayi, sababu muzungu hajui kukaza kamba, ikajikusanya katikati, shitingi ikashuka tumbo.

Neema akatema biskuti.

"Maman! Inajaa!"

"Neema, haigusiwe ile!"

Alikuwa tayari ameokota fimbo, anasukuma tumbo ya shitingi kutoka chini, vile tulikuwa tunafanya kila usiku wa mvua, na ile mayi ikakimbilia upande wa mukubwa wa mujini, mwenye alikuja kukata utepe wa ufunguzi. "Maman, shika kona ile! Itapasuka!"

Na miye, jamani, miye wa balkoni, nikavua viatu, nikarukia kona, nikalia kwa sauti yote, "Inueni kona ya mulangoni! Ya mulangoni!"

Bakainua! Bamama ba villa, bote! Mumoja anatega sufuria pale panatonya, mwingine, wa korali ya kanisa, anachimba mufereji na kisigino ku sima, hakuna mwenye aliuliza afanye nini. Na Maman Odile, na nywele zake za salon, alikuwa amekunja matela mara mbili, ameitia ku kichwa, anapiga kelele, "Toeni batoto kwanza!"

Ikapasuka. Mukubwa akaoga yote, pamoja na hotuba yake.

Wakawasha taa, na siye kila muntu amesimama vile alikuwa, mikono juu. Yule muzungu akaanza kupiga makofi, machozi inashuka, akauliza kama tunaweza kurudilia kesho saa ile ile.

"Maman," Neema akasema, na salle yote inasikia, "leo tumefanya mbio kushinda kule kwetu kambini."

Robe zilinunuliwa Bukavu, za tayari, na ku arusi zilikuwa zinabana basichana ku makwapa (nilifurahi, sitadanganya). Maman Odile tukikutana sokoni ananisalimia anaangalia upande wa mupaka. Nimeapa, mutoto wangu haingii tena ku ekspozisyo yenye kunyesha. Na villa yangu nimeibomoa, sasa nikiulizwa nasema: kambini, shitingi ya tatu kutoka ku bomba.

Maman Odile yeye bado anasema ni televizyo. Sawa. Lakini niliona vile alikunja ile matela gizani, goti moja chini, mara moja ku kichwa, bila kushika na mukono. Ile, muntu hajifunzake ku televizyo.