Jogoo wa Mwalimu Godlisten

Hajira binti Hiza anauza machungwa Segera, pale barabara za Tanga, Arusha na Dar es Salaam zinapokutana. Chini ya meza yake, ndani ya mfuko wa unga, huweka kompyuta.

Baba yake, Hiza, ni seremala, jirani yangu. Alijifunza kazi enzi zile mwanafunzi akipelekwa kwa fundi pamoja na jogoo wa kumfunga fundi ahadi, na haondoki mpaka aagwe. Siku ya kuagwa, fundi na mwanafunzi walishika randa moja, mkono juu ya mkono, fundi akasema, "Nenda, kazi ni yako." Aliyeondoka bila kuagwa aliitwa mwizi wa kazi. Kwa hiyo Hiza alipompeleka bintiye Korogwe kujifunza kuandika programu za kompyuta, alibeba jogoo. Mwalimu Godlisten, kijana wa Moshi, alicheka, akashukuru, akamla. Hakujua amekula nini. Siku hizi nani anajua?

Godlisten alimwanzishia lugha ya C. "Python ni ya watoto," alisema. "Ukiiweza C, nyingine zote zitakupigia saluti." Kisha akapata kazi Dar es Salaam, akaenda zake.

Mimi sikusoma shule. Nilijisomea kwenye karatasi za kufungia maandazi. Lakini Hajira amenieleza tofauti mpaka nimeelewa. Kwenye C lazima uiambie kompyuta kila kitu: jina hili litengewe nafasi kiasi gani, na nafasi hiyo irudishwe lini. Ukikosea, programu inakufa bila kusema inaumwa wapi. Python hujitengea nafasi yenyewe, maneno yake ni machache, na ukikosea inakuonyesha mstari. C ina kasi, inafaa mitambo. Python inamfaa anayeanza, aone kazi yake ikitembea kabla hajakata tamaa. Ugumu utamkuta mbele, hauna haraka.

Mwezi wa Novemba, Ernesti, mwenye ofisi ya vifurushi pale stendi, alimwambia Hajira, "Niletee programu ya kutafutia mizigo ya watu kabla ya mwaka mpya, nikutoe juani." Hajira akaiandika kwa C. Majina mafupi yalipita. Mteja mwenye jina refu akiingizwa, programu inazimika. Akamwomba baba yake ahamie Python.

"Umeagwa?" baba yake akamuuliza.

"Baba, mwalimu yuko Dar. Nimempigia, kasema nisome chochote."

"Simu ina mkono?"

Nikaingilia. "Hiza, mwache mtoto. Kazi yenyewe haina hata randa."

"Wewe Mhina, nani alikuaga?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza, mwizi mzee."

Tulicheka.

Nilipokuwa peke yangu na Hajira nikamwambia aisome kwa siri. Akaugusa ule mfuko wa unga. "Babu, hii ni mashine yake ya kuranda. Aliiuza ili ninunue kompyuta. Sasa anaranda kwa mkono." Mila ikifa nusu, nusu iliyobaki ndiyo inayokaba.

Desemba, Wachaga walipoanza kupanda kwenda kwao Moshi kwa Krismasi, Godlisten akatuma ujumbe kwamba anapita. Basi liliposimama, Hajira alikimbilia dirishani na sinia, kompyuta chini ya machungwa.

"Ticha, shikamoo!"

"Hajira! Bado uko hapa? C imekubali?"

"Ticha, weka mkono hapa juu ya kompyuta, na mimi niweke wangu. Halafu sema niende."

"Uende wapi?"

"Kaka, unafungishwa ndoa dirishani!" abiria mmoja akapiga kelele, na basi zima likacheka.

Godlisten aliurudisha ndani mkono aliokuwa ameanza kuutoa. "Acha utani, nipe machungwa matano. Na hamia Python, mbona rahisi!" Konda akapiga bodi. Basi likaondoka.

Hiza alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara. Bintiye alipovuka, akamuuliza, "Amekuaga?"

"Amenunua machungwa."

Ernesti hakungoja. Alimchukua kijana wa Mkata aliyejifunza Python kwenye simu yake, bila fundi, bila jogoo. Januari mabasi ya Moshi yakaanza kurudi Dar. Hajira alipita chini ya kila dirisha na sinia lake zito, kompyuta bado chini ya machungwa, na Hiza, upande wa pili wa barabara, alikuwa akiitazama mikono iliyotoka nje.