Nyuki wa Dukani na Neno Ahimsa

Nilikuwa nimepanga baraza ya duka la vitambaa mjini Tabora, mimi na cherehani yangu. Mwenye duka alikuwa bibi wa Kihindi, mjane, mzaliwa wa hapo hapo mjini. Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko changu, na alijua Kinyamwezi cha kutosha kuwachekesha wateja wa kutoka Puge.

Mwaka huo, miombo ilipoanza kuchipua, kundi la nyuki liliingia darini, juu kabisa ya mlango wa duka. Asubuhi tukakuta mlango unavuma. Wateja wakatimua mbio. Jirani yetu, fundi baiskeli, akaja na chupa ya petroli na tambara.

"Bibi, nipe ngazi. Sasa hivi tunawamaliza."

"Usiwachome," alisema bibi. "Wamenikosea nini?"

"Watakuuma!"

"Wakiniuma nitaumia. Lakini usiwachome."

Akafunga mlango wa mbele, akawa anauzia uani. Nami nikahamia huko na cherehani yangu huku nikinung'unika, maana uani wapita njia hawakuniona.

Siku moja, bibi akipima kitambaa, nyuki akamchoma kidoleni. Machozi yalimlengalenga. Nyuki akaanguka mezani, nami nikavua kandambili nimponde. Bibi akamfunika kwa kiganja.

"Mwache. Akishachoma, naye ndiyo basi tena. Ameogopa kuliko mimi."

Nilimuuliza kwa hasira kidogo, "Bibi, hii ni dini yako au ni huruma tu?"

"Tunaiita ahimsa," alisema huku akikwangua mwiba kwa ukucha. "Wabudha nao wanayo. Watu hudhani ni kutopiga na kutoua. Hiyo ndiyo nyepesi. Ahimsa ni kutomtakia kiumbe madhara hata moyoni, hata pale anapokuumiza. Mkono nauzuia, mwanangu. Moyo mpaka leo unanishinda. Yule fundi baiskeli na petroli yake nilimlaani kimyakimya."

Tukacheka sana. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilimfikiria wifi yangu, ambaye sijawahi kumnyooshea hata kidole, na yote niliyokuwa nikimwombea.

Hatimaye bibi akamwita mrina asali kutoka Sikonge. Alifika na mzinga wa gome, akapanda ngazi jua likizama.

"Moshi utawaumiza?" bibi aliuliza.

"Kidogo tu, mama. Unawatuliza."

Mimi nilijibanza nyuma ya mlango wa jirani. Bibi alibaki chini ya ngazi na sari yake nyeupe. Mrina alipoteremsha masega, nyuki wakamwagika hewani. Wengine wakatua mabegani mwa bibi, wengine mkononi, hadi weupe wa kitambaa ukapotea. Hakutikisika. Midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu, sijui kwa dua au kwa kuwabembeleza. Nilitamka "Subhanallah" bila kukusudia, na nikasikia fundi baiskeli, pembeni yangu, akishusha pumzi.

Mrina alipomtia malkia mzingani, nyuki wakaanza kumwacha bibi, mmoja mmoja, wakamfuata. Hakuna aliyemchoma.

Mzinga ukafungwa kwa kaniki juu ya pikipiki. Kabla haijaondoka, bibi alikutanisha viganja vyake, akauinamia. Fundi baiskeli alivua kofia. Mimi nilitoka nyuma ya mlango, nikaenda kusimama karibu na bibi.

"Shikamoo, bibi," nikasema, ingawa tulishaamkiana asubuhi.

"Marahaba," alijibu. "Kesho turudishe cherehani barazani."