Jiwe Analolijua Stany

Stany Ngoy hamwamini mtu mwenye mashine, na usimlaumu. Miaka kumi na minne amechimba kobalti pembezoni mwa Kolwezi, na kila gunia alilolitoa ardhini limepitia depo, kibanda cha kuuzia madini. Pale mnunuzi anaelekeza kimashine chake kwenye jiwe, namba ya kobalti iliyomo inatokea, na namba hiyo ndiyo inayoamua watoto watakula nini. Jiwe lilelile, depo hii linasoma moja, depo ya jirani linasoma tatu. Ndipo wachimbaji wakajifunza ujanja wao: kabla ya kufungua gunia, unampa mnunuzi jiwe moja unalolijua, ambalo ulishalipima kwingine. Mashine ikidanganya juu ya jiwe hilo, unafunga gunia lako unakwenda zako.

Sasa basi, mwaka huu binti yake Shekina alipata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, akataka kusoma kompyuta. Na shule alishaichagua: ile ya ghorofa kando ya barabara kubwa, yenye vioo vya buluu na bango la vijana wanaocheka. Jumatatu alifanya mtihani wa kuingia. Jumanne akarudi mbio, karatasi mkononi. Themanini na nne kwa mia! Mama yake, Agnès, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Stany aliichukua ile karatasi, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga.

"Banakorije mutihani, banasahihisha yote siku moja tu?"

"Papa, ni mashine njo inakorije."

Loo! Angetaja kitu kingine chochote, lakini mashine!

"Na benye kuanguka, ni bangapi?"

"Hakuna mutu mwenye alianguka."

"Hata mumoja?"

Shekina akamnyang'anya karatasi yake. "Bazazi ba benzangu banafurahi. Weye unawaza kila mutu ni muwizi!" Tangu hapo hakumsemesha tena. Kujiandikisha kulikuwa kunafungwa Jumamosi, na Stany alikaa mbele ya bukari, ugali wake wa jioni, bila kuigusa, maana ilikuwa miaka mitatu ya maisha ya mtoto, si gunia la udongo ambalo kesho unachimba lingine.

Jumatano akavaa koti lake la kanisani, akaenda mwenyewe kwenye ile shule ya vioo. Mkurugenzi, Tata Elisée, alinukia marashi tangu mlangoni.

"Mi pia nataka kusoma enformatiki, ile ya kompyuta," Stany akasema, macho makavu.

Hakuulizwa diploma. "Utaleta kisha, tata, hakuna shida!" Wakamkalisha mbele ya kompyuta, msichana mmoja akamwonyesha pa kubonyeza. Maswali yalikuwa ya Kifaransa, mengine hata kuyasoma alishindwa. Akabonyeza jibu la kwanza, la kwanza, la kwanza, mpaka mwisho. Jiwe ambalo Stany analijua kuliko yote ni kichwa chake mwenyewe, na kichwa hicho kiliacha shule kule Kasaji katika darasa la tano.

Mashine ikamtolea karatasi. Themanini na nne kwa mia. Tata Elisée akamkumbatia.

Nyumbani alizilaza karatasi mbili mezani, yake na ya binti yake. Alikuwa ametayarisha maneno njia nzima: nilikuambia, nilikuambia! Shekina akaziangalia, akaziangalia tena, kisha akaketi chini.

"Sasa mi niko na ngapi ya kweli, papa?"

Stany akaikunja karatasi yake, na yale maneno yote ndani yake. Hakujua. Mashine inayodanganya haimpi sifa ya bure mjinga tu, inamnyang'anya na mwenye akili sifa yake. Akaona uchungu, akajuta nusu.

Kesho yake walikwenda wote wawili kwenye shule ndogo nyuma ya kanisa la Waprotestanti. Hapo napo Stany alishuku kila kitu. Mbona hakuna bango? Mbona kompyuta zimezeeka hivi? Mbona mwalimu, Mama Charlotte, hacheki?

Akaomba naye aandikwe, kama kule kwenye vioo.

"Diploma yako iko wapi, tata?" mwalimu akauliza.

"Sina."

"Basi hatuwezi kukuandika. Kama unataka kujipima tu, ikala pale."

Wakaketi, baba na binti, kila mmoja na kalamu yake. Majibu yalikuwa Ijumaa alasiri, na karatasi zilirudi zimejaa wino mwekundu. Shekina: sitini na moja kwa mia. Stany: sita.

"Sita?" Stany akaikodolea macho. Alijua anastahili sifuri. "Sita ya nini? Nani alikuambia unipatie sita?"

Mama Charlotte akamwonyesha kwa kidole. Lilikuwa swali moja la asilimia, na pembeni Stany alikuwa ameikokotoa hesabu kwa mwandiko wake wa mchimbaji, jinsi anavyoikokotoa kila siku mbele ya depo. "Hii ulipata, tata. Ingine yote, hapana."

Stany akatafuta mtego ndani ya ile sita. Akaisoma juu, akaisoma chini. Hakuuona, na macho yakamlowa, akasingizia vumbi la malori.

Shekina alikuwa bado anaitazama sitini na moja yake. Wenzake wote walikuwa kule kwenye vioo.

"Papa, kama hapa pia bangekupatia makumi munane na ine?"

"Tungefunga gunia, turudi."

Shekina akamgeukia mwalimu. "Na hii makumi tatu na kenda yenye nilikosa, mutanifundisha?"

"Njo kazi yetu," akasema Mama Charlotte, bado hacheki.

Shekina akaomba kalamu, ajiandikishe.