Ndafu Iliyoachwa na Boti

Aibu yenyewe wengi wenu mmeshaiona kwenye simu, kwa hiyo sina cha kuficha, ila mmeona mwisho tu, pale ninapocheza peke yangu na mbuzi, na wengine mkasema nilikuwa nimelewa. Sinywi. Nitaeleza ilivyoanza, na mnivumilie, maana kuongea mbele ya watu siwezi na kuandika kwenyewe nakwenda polepole.

Ilikuwa sendofu ya dada yangu Neema. Mama (anahudumia wazee kwenye nyumba moja hapa Ilford) alikuwa ameshasema kwamba binti yake haagwi ukumbini kama kila mtu, ataagwa ndani ya boti, juu ya mto Thames, wakwe wamekaa wanatazama jiji likipita. Na kwa sisi watu wa Moshi sendofu bila ndafu haijakamilika, yaani yule mbuzi mzima wa kuchoma, amesimama kwa miguu yake minne, kavaa mkufu wa nyanya na karoti, majani mdomoni, anaingizwa kwa muziki huku mpishi anacheza, halafu bibi harusi anakata nyama anawalisha wakwe. Wakwe wasipopewa ndafu hawasemi kitu, wanarudi kwao na kusema huko. Hicho ndicho Mama alichokuwa anakiogopa.

Mjomba alimchoma huyo mbuzi bustanini kwake. Alichagua mbuzi mdogo, akamfunga juu ya ubao ili asimame vizuri, lakini gari lake likajaa keki, vinywaji na akina mama wenye sare, na mbuzi alikuwa bado wa moto, ikabidi mimi nibaki nisubiri apoe kisha nimpeleke kwa treni. Tukamzungushia foili, tukamtia kwenye lile begi kubwa la magurudumu tuliloingia nalo nchi hii.

"Usimlaze vibaya, shingo itakatika," Mjomba aliniambia. "Na usipitie popote."

Nikapitia. Treni ilifika Liverpool Street mapema, muda wa kupanda boti bado, na mimi tangu nije London nilikuwa najua Ilford, Stratford na kazini basi. Mji wa kale nilikuwa nausikia tu. Nikaona hakuna ubaya nikishuka hapo nitembee kwa miguu hadi gatini nikiangalia angalia. Na kweli kuzuri, vichochoro vyembamba vinavyopinda bila sababu, makanisa ya mawe meusi yamebanwa katikati ya maghorofa ya vioo, kipande cha ukuta wa Warumi kimesimama nyuma ya mgahawa na watu wanakula mkate pembeni yake kama hawakioni. Tatizo lilikuwa begi. Magurudumu yalipiga kelele kwenye yale mawe hadi watu wakawa wanageuka, na harufu ya nyama choma ikawa inanifuata, au tuseme naivuta.

Nilipofika kwenye kanisa moja dogo nikatamani kuingia, ila na lile begi niliona haya. Nje, kwenye benchi, walikaa mzee mmoja wa kizungu na mkewe, wana ramani. Nikafanya kile ambacho kila mtu aliyewahi kusafiri kwetu angefanya. Nikawaamkia, nikawaomba waniangalizie mzigo. (Stendi ya Moshi mtu ukimwachia mzigo, basi lake litaondoka yeye bado ameukalia.) Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini nilionyesha begi, nikaonyesha macho, yule mzee akatabasamu akatikisa kichwa. Nikashukuru, nikaingia.

Nilitaka kutazama kidogo tu. Nikawa nakwepa makaburi yaliyochimbwa humo humo sakafuni, mara kinanda kikaanza kulia, mama mmoja akanipa kijitabu na kunionyesha nafasi katikati ya mstari, na mimi sikujua nimkatalieje, nikakaa. Ikawa ibada. Kila nilipotaka kuinuka wao wanakaa, nikikaa wao wanainuka, na kupita mbele ya magoti ya watu wote wale nilishindwa. Nikaimba hadi mwisho.

Tulipofika mlangoni polisi alituzuia, akatutoa kwa mlango wa upande. Barabara ilikuwa imefungwa kwa utepe, watu wamesukumwa mbali, benchi tupu, na pembeni ya benchi begi langu peke yake, limezungukwa na nafasi kubwa kama mfalme. Mbwa wa polisi alikuwa amelala mbele yake, kidevu juu ya gurudumu, anaitwa hataki kuja. Kijana mmoja jirani yangu akamwambia mwenzake kwamba mabegi ya namna hii huwa yanalipuliwa.

Hapo mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nilisimama nyuma ya watu kama asiyehusika, hadi simu ikalia.

"Shikamoo, Mama."

"Achana na shikamoo. Uko wapi?"

"Karibu na kanisa."

"Kanisa la nini? Wakwe wameshakaa, nahodha anasema zamu yake hapa gatini imekwisha. Mbuzi yuko wapi?"

"Namwona," nikasema. Sikudanganya.

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Polisi wa kike akanifuata.

"Begi lako?"

"Ndiyo."

"Kuna nini ndani?"

"Mbuzi."

"Mzima?"

"Mzima, ila ameshakufa. Ameiva."

"Unampeleka wapi?"

"Kwa wakwe."

Akamwita mkubwa wake, nikarudia yale yale. Nikaambiwa nifungue mwenyewe, taratibu, wao wamesimama mbali. Nikafungua, nikatoa foili, nikamsimamisha juu ya ubao wake ili wamwone vizuri, na majani yake mdomoni. Watu wote wa ule mtaa wakatoa simu. Yule mkubwa alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akasema niondoke naye, na siku nyingine nisiache mzigo. Mbwa ndiye aliyechukua muda kuondolewa.

Nilikimbia hadi gatini. Boti ilikuwa imeshaachia, imefika katikati ya mto, na Mama amesimama nyuma na kitenge chake, ananitazama bila kupunga mkono. Simu ikalia tena, safari hii ya video. Alikuwa MC, nikamwona na kipaza sauti, na nyuma yake wakwe wamepanga mstari.

"Kijana, umefika?"

"Nimefika. Nyie ndio mmeondoka."

"Sawa. Wageni wetu wamesubiri ndafu na ndafu ipo, iko ng'ambo kidogo tu. Tegesha simu, mtoe mbuzi, muziki unakuja. Umwingize."

"Nimwingize wapi?"

"Popote ulipo. Cheza."

Nikasikia sauti ya Mama pembeni, chini chini, "Mwanangu, tafadhali." Mama hajawahi kuniambia tafadhali.

Nikaegemeza simu kwenye nguzo. Nikamweka mbuzi kichwani, muziki ukaanza kutoka kwenye ile spika ndogo ya simu, na mimi nikacheza, mbele nyuma, mbele nyuma, mbele ya foleni nzima ya watalii waliokuwa wanasubiri boti yao. Walinipisha. Mmoja alipiga makofi, wakafuata wote. Nilipopiga magoti mbele ya simu na kuwaamkia wakwe, baba yake bwana harusi akaitikia marahaba, akasema wameipokea, na ndani ya boti vigelegele vikapigwa hadi nikavisikia mara mbili, kwenye simu na juu ya maji.

Boti iliporudi, Neema alimkata mbuzi pale pale gatini, wakwe wakala wamesimama. Nilijua Mama akishuka atanisema. Hakunisema. Alinitengeneza kola ya shati akasema, "Kumbe unajua kucheza," na hilo ndilo lililoniponza, maana alilisema mbele ya akina mama wote wa sare.

Tangu siku hiyo naitwa kwenye sendofu za watu nisiowajua niingize ndafu. Nakubali, kukataa kwenyewe naona haya. Ila nawaambia mapema, kwa ujumbe wa simu ili nisiongee, kwamba mbuzi aletwe na mtu mwingine, kwa gari, na mimi nitamkuta ukumbini.