Kilimo Si Sayansi

Wakati ule tulikuwa tunakaa ughaibuni, mji wa Jakobsberg: mimi, mume wangu, na binti yetu aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Mume wangu alikuwa anasomea uhandisi. Mimi nilikuwa napiga deki wodi za hospitali na nilikwisha choka kuwa mtu wa ndoo. Nilitaka uuguzi.

Shule ya uuguzi ilidai masomo matatu ya sayansi. Jumapili moja tukatandaza mezani cheti changu cha chuo cha ualimu, tukayatenga masomo: haya sayansi, haya si sayansi. Kiswahili, historia na malezi, upande huu. Biolojia, kemia na kilimo, upande ule. Hatukubishana hata kidogo. Chuoni kwetu kilimo kilikuwa sayansi kuliko sayansi zote. Tulipima udongo, tulichanganya mbolea kwa mizani, na aliyefeli kilimo hakuthubutu kumtazama mkuu wa chuo usoni.

"Umeshaingia, mama," mume wangu akasema. "Kilichobaki ni mtoto."

Basi tukafanya walivyofanya wenzetu wengi waliokuwa masomoni: tukampeleka mtoto kwa mama yangu, Lushoto. Mwaka mmoja tu, tulisema, mpaka niizoee shule na tupate mahali pa kumwacha. Mama mmoja wa kwetu alikuwa anarudi nyumbani, tukamkabidhi mtoto pale uwanja wa ndege. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilijikaza kisabuni, lakini ndani ya basi la kwenda Märsta, tukapande treni ya kurudi Jakobsberg, nikashindwa.

Wiki chache baadaye niliitwa shuleni. Karani alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio ulioniudhi. Alishuka na kalamu kwenye cheti changu, akafika kwenye kilimo, akasimama.

"Hii ni kazi ya shambani," alisema.

"Ni sayansi. Tulikuwa tunapima udongo."

"Mlikuwa na maabara?"

"Tulikuwa na shamba."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akakihamishia kilimo upande wa historia na Kiswahili. Nikasome fizikia jioni, alisema, katika shule ya watu wazima, mwaka mzima, halafu niombe tena.

Nilimchukia yule mwanamke, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa. Mume wangu alitaka tumrudishe mtoto. Lakini nani angemleta? Na jioni, mimi nikiwa darasani na yeye maktaba, nani angekaa naye? Tukasema avumilie kidogo. Tulisema yeye avumilie, kana kwamba tulimuuliza. Mwaka ukazaa mwaka. Fizikia nikaipata, shule nikaingia, na kila aliyetoka nyumbani alituambia mtoto amekuwa mkubwa, ana adabu, hana shida.

Nilikwenda kumchukua nikiwa muuguzi kamili. Alitoka mlangoni, akasema shikamoo, akanipokea mfuko, akaniletea maji ya kunawa. Mama yangu alikuwa amemlea vizuri mno. Ningefurahi zaidi kama angeninunia, maana mtu humnunia wa kwake. Mimi alinikaribisha.

Siku chache baadaye, mchana, akapandwa na homa. Nikajisemea moyoni: sasa ndipo. Nilikuwa na kipimajoto, nilikuwa na dawa, nilijua kiasi cha kumpa mtoto wa umri wake. Nikamvua nguo, nikampoza mwili kwa kitambaa kibichi, nikafanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Alinitii. Alimeza dawa bila ubishi, akasema asante. Kisha akaanza kulia, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua wenye nyumba.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Namtaka mama."

Nikainuka, nikaenda jikoni kumwita mama yangu.