Sabuni ya Sanduku la Maziko

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, sabuni ilipotea Kampala kama vitu vingine vyote. Mtaani kwetu Kansanga tulifua kwa majivu ya maganda ya ndizi, na Mungu akatusitiri. Kipande pekee nilichokijua kilikuwa msikitini, ndani ya sanduku la maziko, pamoja na pamba na kafuri. Sanduku lile nililitunza mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa madrasa na mwosha maiti.

Asubuhi mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza, petroli haikuwepo, na askari walikuwa wameifunga barabara ya kwenda hospitali ya Mengo. Nilimwita jirani yetu, mke wa polisi, Mkristo kutoka kaskazini, aliyefundishwa na manesi kuzalisha akina mama majumbani. Aliomba sabuni. Nikampa majivu, akayarudisha. Alishaona mzazi akichukuliwa na homa kwa sababu ya mikono michafu, akasema, naye hatamgusa mke wangu kwa mikono ya namna hiyo.

Nikakimbilia kwa imamu, nikidhani atanisomea vitabu vya sheria ya dini kwanza. Alikuwa bado anafunga kilemba.

"Chukua, mwanangu. Maiti atasubiri."

Niliporudi nyumbani na sabuni, mama mkwe, aliyekuja kumhudumia binti yake, aliisikia harufu ya kafuri akaziba mlango. Bibi zake wa Kinubi walimfundisha kwamba kitu cha wafu hakiingii kwa mzazi, kitamvuta. Hata mimi niliogopa. Ndani mke wangu aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Mama," jirani akasema, "kesho nitukane siku nzima, nitakaa nisikilize. Sasa nipishe ninawe."

Mama mkwe akasogea, midomo ikisoma dua. Jirani akanigeukia. "Mwalimu, mimina. Polepole, kama unavyowamiminia wale wako."

Nikamimina. Mikono ya maiti niliyozoea kuimwagia maji ilikuwa imelala tu. Hii ilijikunja, ikasuguana, povu likapanda hadi viwiko, likaingia chini ya kila ukucha. Nilikuwa nimeisoma dini tangu utotoni, lakini sikuwa nimeona jambo kama lile.

Kabla ya adhuhuri mtoto alilia. Mama yake alikuwa mzima. Mama mkwe ndiye aliyemtoa binti yangu nje, akamnusa utosi, akanisogezea nami nimnuse.

"Ananukia msikiti," akasema, akacheka huku machozi yakimtoka.

Kipande kilichobaki nilikirudisha sandukuni. Mtu wa kwanza niliyemwosha nacho alikuwa mzee mmoja wa mtaani. Nilimsugua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama unavyomwandaa mtu anayengojewa mahali kwa furaha.